Je, Apewaye Msaada Ana Haki ya Kulalamika?

Liko swali ambalo watu hulijibu upesi bila ya kulifikiri, nalo ni hili: mtu aliyekimbia nchi yake kwa vita au kwa njaa, akapokewa na watu wengine, akapewa hema la kulala na unga wa kula, je, anayo haki ya kusema kuwa unga ule haumfai, au kuwa agawaye amemdhulumu? Na yule atoaye, je, ni juu yake kumwuliza, au yatosha kutoa kisha akaenda zake?

Wengi wetu jawabu yetu ni ile ya barazani: mwenye njaa hachagui chakula, na apewaye bure kazi yake ni kushukuru na kunyamaza. Maneno haya yamezoeleka hata yakawa kama sheria. Makusudio yetu hapa ni kuonyesha kuwa si sheria wala si adabu, bali ni dhuluma iliyovaa joho la wema. Twasema kuwa kumwuliza mkimbizi juu ya msaada anaopewa ni haki yake, na kuwa kila aliyemwuliza amejitwisha deni.

Jambo hili haliko mbali nasi. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Somalia mwezi wa Januari 1991, watu wa Mogadishu, Barawa na Kismayu walipanda vyombo wakaja kuteremka katika bandari zetu. Watu wa Barawa wana lugha yao, Chimini, ambayo ni ndugu wa damu wa Kiswahili chetu. Wengi walikaa Utange na katika kambi nyingine za Mombasa na kando yake, mpaka kambi hizo zikafungwa kabla ya miaka ya 1990 kwisha. Wako waliopata kuhamia ng'ambo, na wako waliopelekwa Kakuma. Huko bara, kambi za Dadaab zilianza mwaka 1991 kwa hesabu ya watu 90,000. Mwaka 2011, ukame na vita vilipozidi Somalia, watu wake walipita 400,000. Kakuma ilianzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya waliotoka Sudani. Kufikia mwaka 2025, Kenya ilikuwa na wakimbizi na waomba hifadhi zaidi ya 800,000. Watu hawa ni jirani zetu, na wengi wao ni ndugu zetu wa lugha na wa dini. Haitufai kusema kuwa hayatuhusu.

Tuanze na hoja za wale wasioona haja ya kumsikiliza mkimbizi, kisha tuzijibu moja moja.

Hoja yao ya kwanza ni hii: msaada ni fadhila, na fadhila haidaiwi. Jawabu yake ni kuwa mali ile si ya yule agawaye. Serikali na watu walioitoa wameitoa kwa jina la mkimbizi, na shirika liligawalo ni wakili tu. Wakili ni mwenye amana, naye huulizwa na aliyempa na huulizwa na aliyepelekewa. Mtu akikupa magunia kumi umpelekee yatima, ukafikisha manane, na yatima akasema kuwa hayakutimia, hapana mwenye akili atakayemwita yatima yule mtovu wa shukrani. Lililo haki kwa magunia ni haki vilevile kwa namna ya kuyafikisha: yamefika kwa wakati? Yamefika yakiwa mazima? Yamefika kwa heshima, au aliyeyapokea alisukumwa na kutukanwa mlangoni?

Tena tutazame hali ya mkimbizi na hali ya mtu wa mjini. Sisi tukidhulumiwa dukani, tukapunjwa mizani au tukatupiwa maneno, twaondoka twaenda duka la pili, na mwenye duka hujifunza kwa kutukosa. Mkimbizi hana duka la pili. Kwa miaka mingi sheria imemzuia kutoka kambini bila ya kibali, na mgawaji wa chakula ni mmoja, na mgawaji wa maji ni mmoja. Hawezi kumwadhibu mgawaji mbaya kwa kumwacha. Kitu alichobakiwa nacho ni ulimi wake. Tukimwambia anyamaze, tumemwondolea mizani ya mwisho aliyokuwa nayo.

Hoja yao ya pili ni kuwa wataalamu wayajua mahitaji ya mtu kuliko mtu mwenyewe. Wamepima wakasema kuwa mwili wa mtu wataka nguvu ya kalori 2,100 kwa siku, wakapiga hesabu ya nafaka, kunde, mafuta na chumvi. Hatuukatai utaalamu huu. Umeokoa roho nyingi. Lakini wahenga walisema: siri ya mtungi aijuaye ni kata. Mpimaji ajua mwili hutaka nini. Hajui nyumba hutaka nini. Kwa miaka mingi watu walionekana Dadaab na Kakuma wakiuza sehemu ya posho yao sokoni, tena kwa bei ya hasara. Aliyetazama kwa mbali alisema: hawa wameshiba, la sivyo wasingeuza. Aliyekaribia akauliza alipata jawabu nyingine. Mama huyu ameuza nafaka apate ya kulipa mashineni isagwe iliyobaki. Yule ameuza apate maziwa ya mtoto. Wa tatu ameuza apate kuni, kwa sababu kunde mbichi hazitafuniki. Yaliyokuwa yakiitwa utovu wa shukrani yalikuwa ni maneno yaliyokosa msikilizaji.

Na ushahidi kuwa maneno yale yalikuwa na maana ni yaliyofuata. Mwaka 2015 Shirika la Chakula Duniani lilianzisha huko Kakuma utaratibu ulioitwa Bamba Chakula, na mwaka 2016 likaupeleka Dadaab. Sehemu ya posho iliachwa kugawiwa kwa magunia, ikawa fedha zinazotumwa katika simu ya mkimbizi, naye huzitumia kununua chakula akitakacho kwa wachuuzi walioandikishwa. Mama aliyehitaji maziwa akanunua maziwa, na ile hasara ya kuuza kwa nusu bei ili anunue kwa bei kamili ikapungua. Utaratibu huo una kasoro zake, kwani fedha hufuata bei za soko, na bei zikipanda shibe hushuka. Lakini asili yake ni kukiri kuwa mwenye nyumba ndiye ajuaye jiko lake.

Hoja yao ya tatu ni kuwa wakimbizi husema uwongo ili wapewe zaidi. Twajibu: wako wasemao uwongo, kama walivyoko kwetu. Kadhi hukaa barazani kila siku akijua kuwa miongoni mwa wanaomjia wamo waongo, wala hakufunga mlango wa mahakama. Husikiliza, hutaka ushahidi, hupima. Uwongo wa mmoja hauwi hoja ya kuziba masikio juu ya elfu. Tena mara nyingi mambo huwa kinyume: wanaopiga kelele si wenye haja kubwa kabisa. Qur'ani yenyewe, katika sura ya Al-Baqara, imewataja kwa sifa mafakiri wanaostahi kuomba hata wakadhaniwa hawana haja. Watu hao hawatakuja dirishani kulalamika. Ni lazima wafuatwe waulizwe.

Tukishaziondoa hoja hizi, na tuukumbuke mfano ambao kila mwanafunzi wa chuoni aujua, ijapokuwa hatuutazami kwa upande huu. Wakimbizi wa kwanza katika Uislamu ni wale masahaba waliovuka bahari kwenda Habasha kwa mfalme Najashi, yapata mwaka 615. Makureshi wakatuma wajumbe wawili nyuma yao, wamebeba zawadi kwa mfalme na kwa makasisi wake, na shauri walilolipanga lilikuwa kwamba wakimbizi warudishwe kabla hawajasemeshwa. Makasisi wakaunga mkono. Najashi akakataa; akaona ni aibu kuwahukumu watu walioikimbilia nchi yake pasina kuwasikia. Akawaita, na Jaafar bin Abi Talib akasimama akaeleza hali yao kwa ulimi wake mwenyewe. Baada ya kumsikia ndipo mfalme alipokata shauri. Wema wa Najashi wa kutoa hifadhi twausifu sana. Lakini kabla ya hifadhi palikuwa na sikio. Lau angaliamini maelezo ya wajumbe juu ya wakimbizi, angalifanya dhuluma kubwa, naye akijiona ni mwadilifu.

Sasa twaja kwenye ugumu wa jambo lenyewe, maana kusema "waulizwe" ni rahisi, na kuuliza sawasawa ni kazi.

Kwanza ni kujua nani wa kuulizwa. Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walivuka mpaka wakaingia Goma, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire. Mashirika yalipofika yalikuta watu wamekwisha kujipanga kwa wilaya na kwa vijiji, na kila kundi lina viongozi wake. Ikaonekana ni jambo jema na jepesi: viongozi wakaulizwa idadi ya watu wao, na wakapewa chakula wakigawe. Lakini wengi wa viongozi hao walikuwa ni wale wale waliosimamia mauaji. Wakaongeza hesabu za watu, wakauza chakula, wakakitumia kuwatisha raia waliotaka kurudi kwao. Novemba 1994 Madaktari Wasio na Mipaka wa Ufaransa waliondoka katika kambi hizo, kwa kuona kuwa msaada wao umekuwa silaha mkononi mwa wauaji. Somo lake ni wazi: aliyejitokeza kusema kwa niaba ya watu si lazima awe ni watu. Mwenye kutaka ukweli hana budi ampite mzee wa kambi amfikie mjane, mlemavu, mtu wa kabila dogo na kijana asiye na wazazi.

Pili ni lugha. Kisomali tukisikiacho sisi kama lugha moja kina matawi; watu wa Rahanweyn na wengi wa Wabantu wa bonde la Juba husema Kimaay, na mkalimani wa Kisomali cha kaskazini huweza kuketi nao saa nzima na wasifahamiane vema. Kakuma kuna watu wa mataifa mengi pamoja. Kutundika sanduku la barua ukutani kwa watu ambao wengi wao hawakusoma, na kuandika juu yake "Toa maoni yako", ni kuuliza swali kwa namna ya kutotaka jawabu. Asiyejua kusoma ahitaji mtu. Mwenye haya ahitaji faragha. Mwanamke ahitaji mwanamke mwenziwe.

Tatu ni hofu, na hili ndilo zito kuliko yote. Mkimbizi amtazamapo mwulizaji humwona kuwa ni katika watu wale wale walioshika kadi yake ya chakula. Atasemaje kuwa mgawaji ni mwizi, na kesho ni siku ya kupanga foleni mbele ya mgawaji huyo? Dua la kuku halimpati mwewe, sembuse ikiwa kuku aambiwa amwombee mwewe mbele ya mwewe. Mwaka 2002 ilitangazwa taarifa ya Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa na shirika la Save the Children la Uingereza juu ya kambi za Guinea, Liberia na Sierra Leone. Watoto wa kike walieleza kuwa miongoni mwa wafanyakazi wa misaada wamo waliodai miili yao ndipo wawape chakula na mahitaji mengine. Ulimwengu ukashtuka, na mwaka 2003 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa akatoa amri ya kukataza mambo hayo waziwazi. Lakini jiulizeni: watoto wale wangalimwambia nani, ikiwa mlango wa mashtaka na mlango wa chakula ni mmoja, na mlinzi wake ni yule yule mkosaji? Kwa hiyo twasema kuwa mahali pa kulalamika lazima patengwe na mahali pa kugawa, na apokeaye mashtaka asiwe chini ya anayeshtakiwa.

Inasimuliwa kuwa Sayyidna Umar, alipokuwa akizunguka usiku, alimkuta mwanamke ametia chungu cha maji motoni ili awatulize wanawe wenye njaa. Mwanamke yule alimlaumu Umar mbele ya Umar, kwa sababu hakumjua. Akahoji vipi mtu atawale kisha asijue hali ya anaowatawala. Khalifa hakumkemea, wala hakujitaja. Alikwenda akabeba unga mgongoni mwake, akarudi akapika kwa mkono wake. Watu hutaja sana unga ule. Sisi twaomba wataje na hili: ukweli ulimfikia kwa kuwa msemaji hakuwa na la kuogopa.

Nne, na ndiyo shabaha ya maneno yetu, ni kuwa swali ni deni. Wako watu huingia kambini na karatasi, huuliza nyumba hata nyumba: una watoto wangapi, mwala mara ngapi, walionaje bomba la maji? Kisha hawaonekani tena. Mwaka ufuatao huja wengine na karatasi nyingine. Mkimbizi amefungua kidonda chake mbele ya mgeni, na mgeni amekitazama akaenda zake. Huyu hakumfanyia wema kwa kumwuliza. Amemwongezea udhia, na amemfundisha kuwa kusema hakufai kitu. Siku yatakapokuja maswali yenye faida, atanyamaza au atajibu apendalo mwulizaji.

Chukueni mfano wa kuni za Dadaab. Mwaka 1993 ilikwisha kujulikana na kuandikwa kuwa wanawake wa kambi zile hushikwa na majambazi na kunajisiwa, na mahali pamoja pa hatari ni vichakani waendako kutafuta kuni. Hatusemi kuwa hapakufanywa kitu. Zilipandwa nyua za miiba kuzunguka makazi, na wako waliosaidiwa kwa matibabu. Lakini mpango wa kuwagawia kuni, ili wasilazimike kwenda mbali kila siku, ulianza mwaka 1998. Na ulipopimwa mwaka 2001 ilionekana kuwa mashambulio ya njiani kwenye kuni yamepungua, ila kuni zenyewe hazikutosha haja ya jiko, na maovu yamejitokeza mahali pengine. Hapa pana mafunzo mawili. La kwanza: baina ya neno la mwanamke na mzigo wa kuni ilipita miaka mitano, na kila mwezi katika miaka hiyo ulikuwa na wanawake wake. La pili: haitoshi kusikiliza mara moja, ukaleta dawa moja, ukafunga daftari. Ugonjwa huhama, na ajuaye ulikohamia ni mgonjwa.

Mashirika yenyewe yamekwisha kukiri haya kwa kalamu. Mwaka 2014 yalitunga Kanuni Kuu ya Misaada ya Kibinadamu yenye ahadi tisa, na mojawapo ni kuwa malalamiko yapokewe kwa moyo mkunjufu na yashughulikiwe. Kanuni hiyo ikarekebishwa mwaka 2024. Ni maneno mazuri, na ahadi ni deni.

Pengine atasema mtu: na ikiwa fedha hakuna, kuna faida gani kuuliza? Swali hili si la kupuuzwa, maana mwaka 2025 wafadhili wakubwa walipunguza fedha zao, posho ya Kakuma na Dadaab ikakatwa sana, na wakimbizi wakapangwa kwa mafungu, wengine wapewe zaidi na wengine kidogo au wasipewe. Watu wa Kakuma waliandamana. Jawabu yetu ni kuwa uhaba ndio uzidishao haja ya kusikiliza. Mali ikiwa tele, kosa la kugawa hufunikwa na wingi. Mali ikiwa haba, kosa moja ni nyumba moja imelala na njaa. Nani ajuaye kuwa mtu aliyeandikwa katika fungu la wenye uwezo duka lake lilikwisha kufungwa, kama si jirani zake? Na hata pale ambapo jawabu ni "hapana", mkimbizi anastahili kuambiwa hapana hiyo mapema, kwa lugha yake na kwa sababu yake. Mtu huweza kuvumilia uchache; asiloweza kuvumilia ni kufanywa kama kwamba hayupo.

Baada ya kuyasema mashirika ya watu wengine, ndugu zangu, tutazame nyumbani. Sisi nasi ni wagawaji. Mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023 na ya mwaka 2024 yalipowatoa watu majumbani mwao katika bonde la Mto Tana, misaada ilichangwa katika miji yetu. Kila Ramadhani twagawa unga na tende, kila Idi ya kuchinja twagawa nyama. Ni lini tulipomwuliza mpokeaji? Twakusanya nguo tusizozitaka, twazifunga furushi, twampelekea mama aliyepotelewa na sufuria. Twawasimamisha wajane juani ili wapigwe picha na mifuko mikononi, na hatujiulizi kama mmoja wao angalipenda kupokea usiku, pasi na jicho la mtu. Mola wetu ametuonya kuwa udhia na masimbulizi hubatilisha sadaka. Na ni udhia gani mkubwa kuliko kumnunua mtu haya yake kwa kibaba cha unga?

Kwa hiyo shauri letu kwa kila kamati ya msikiti na ya mtaa ni hili, nalo halihitaji fedha. Kabla ya kununua, watumwe watu wawili, mmoja mwanamke, wakaulize kinachotakiwa. Wakati wa kugawa, awepo mtu asiyegawa, ajulikanaye kwa uaminifu, ambaye mwenye manung'uniko aweza kumwendea peke yake. Baada ya kugawa, warudi wakaulize kilichofaa na kisichofaa. Na jambo la mwisho wasiliache: wawarudishie watu jawabu, waseme, "Mlituambia hili, tumelitengeneza; na lile hatuliwezi, kwa sababu hii."

Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kumpa mtu kwa miaka thelathini na kitu, pasi na kumjua. Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie mikono yenye kutoa na masikio yenye kusikia, kwani mkono bila ya sikio hupapasa gizani. Wabillahi tawfiki.